Daftari la Saa za Fundi



Usiku wa kuamkia Idi iliyopita, hapa Isiolo, nilikwenda kwa fundi cherehani kuwachukulia wajukuu wangu nguo zao. Nilimkuta binti huyo, mjane mwenye watoto watatu, ameinamia cherehani yake, na mlangoni wamesimama kina mama wapatao saba. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa kesho, na kesho hiyo ilikuwa imekwisha kupita. Mama mmoja akamwita mwongo mbele ya watu. Binti hakujibu neno. Machozi yalimdondokea juu ya kitambaa. Wajukuu wangu waliswali Idi kwa kanzu za mwaka uliotangulia, zilizokwisha kuwapanda juu ya vifundo.

Sikukuu ilipotulia nilirudi kwake. Nikamwuliza, "Mwanangu, gauni moja hukuchukua muda gani?" Akajibu, "Maalim, sijui. Nikianza nimeanza, nikimaliza nimemaliza."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Asiyejua kazi yake inachukua saa ngapi husema uongo mara mbili pasi na kukusudia: akitaja siku, humdanganya mteja, akitaja bei, huidanganya nafsi yake.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Katika mlango wa ijara hufundishwa kwamba manufaa yanayouzwa lazima yajulikane, ama kwa muda ama kwa kazi yenyewe. Waweza kumwajiri mtu akushonee kutwa nzima, au akushonee nguo hii. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika Minhaj kwamba ukiyachanganya mawili hayo, ukamwajiri fundi aishone nguo fulani kwa mchana fulani, mkataba hausihi kwa kauli iliyo na nguvu zaidi. Sababu yake ni kwamba huenda nguo isimalizike ndani ya mchana huo, na hapo pana kubahatisha. Wako walioruhusu, hasa ikiwa siku imetajwa kwa kuhimiza tu. Lakini mazingatio ni yale yale: ahadi ya siku juu ya kazi usiyoijua kipimo chake ni ahadi iliyojengwa juu ya mchanga.

Tazameni kina mama wanaouza maziwa ya ngamia mjini hapa. Maziwa hayo hupakiwa mabasini kwenda Eastleigh, Nairobi, nao wanajua vyema kwamba yakichelewa huchacha. Biashara yao ina saa ndani yake. Lakini kitambaa hakichachi. Fundi, mpaka hina, mwalimu wa kuzunguka majumbani, mwandishi wa kulipwa kwa makala, sote tunaojiajiri hupoteza saa zetu bila kusikia harufu ya hasara.

Nilimpa binti yule daftari la shule la kurasa 48, nikamchorea safu nne: kazi, nimeanza, nimeacha, na kilichonisimamisha. Nikamwambia asiongeze wala asipunguze, aandike pale pale, kwa maana kumbukumbu ya jioni hupendelea mwenyewe. Siku ambayo saa haiko karibu, adhana zinatosha: tangu kufungua duka hadi Adhuhuri, Adhuhuri hadi Alasiri, Alasiri hadi Magharibi.

Baada ya wiki tatu tuliketi tukahesabu. Alikuwa akikaa dukani saa kumi, lakini cherehani ilifanya kazi saa tano tu. Nyingine zilikwenda katika kupima wateja, kutafuta vifungo sokoni, kungoja umeme urudi, na mazungumzo. Si zote zilizopotea; kupima ni kazi, na kutafuta vifungo ni kazi, ila hakuwahi kuzitia katika bei.

Kisha tukatazama bei zenyewe. Sare ya shule alishona kwa shilingi 400. Zikitoka 100 za nyuzi, umeme na kodi, hubaki 300 kwa saa mbili, yaani 150 kwa saa. Gauni la Idi alitoza 900. Zikitoka 200, hubaki 700 kwa saa saba, yaani 100 kwa saa. Gauni alilolidhania ndilo faida yake ndilo lililokuwa likimla.

Hesabu ya mwisho ndiyo iliyomnyamazisha. Siku 26 za kazi, kwa saa tano kila siku, ni saa 130. Hizo ni magauni 18. Yeye katika mwezi wa Ramadhani alikuwa amepokea 40. Aliziba uso kwa mtandio, akasema, "Kumbe, Maalim, yule mama alisema kweli." Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Hukuwa mwongo, ulikuwa huna hesabu. Lakini kuanzia leo unayo, na udhuru umekwisha."

Daftari hili lina upande wa pili. Mpwa wangu huandika maneno yaliyorekodiwa kwa sauti, kwa wateja wa ng'ambo wanaomlipa kwa saa. Programu maalumu huhesabu muda wake na kupiga picha za kioo cha kompyuta yake. Husema wako vijana wanaoiacha ikihesabu huku wao wakitazama mpira kwenye simu. Ndugu zangu, saa ni kipimo kama kibaba na mizani, na Sura ya 83 imewaonya wapunjao vipimo. Kamera ya mteja yaweza kulaghaiwa. Malaika wawili waandishi hawalaghaiki.

Nami sijatoka salama. Nilijifungulia daftari langu, nikaona kwamba makala fupi kama hii hunichukua saa sita, na kwamba nyingi kati ya hizo nimezitoa kati ya Magharibi na Isha, wakati ambao wajukuu hungoja kusomeshwa. Hakuna mteja aliyenidai saa hizo, kwa hiyo sikuwahi kuziona kuwa ni deni.

Jaribuni wiki moja tu, kwa daftari na kalamu. Binti yule sasa amebandika mlangoni karatasi: "Magauni ya Idi ni 18. Yakijaa, nisameheni." Wapo waliokasirika wakaenda kwingine. Waliobaki wameahidiwa siku, na safari hii siku hiyo anaijua.

Mwenyezi Mungu atubarikie wakati wetu na atujaalie kutimiza ahadi zetu. Wabillahi tawfiq.