Kampuni Iliyokaa Nasi Ipewe Jembe

Tura, katika Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, imezoea kupitiwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, lile pori la kiu lililowaua wapagazi wengi, na waliosalimika walipofika Tura walijua wamekanyaga Unyamwezi. Wasafiri Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857. Reli ya Kati ilipita ikielekea Tabora, ikafika huko mwaka 1912. Leo reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, kwa mkataba ambao kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki ilitia saini Desemba 2021. Wanunuzi wa tumbaku huja na kuondoka kwa msimu, na kampuni za simu zimesimamisha minara. Wakubwa hawa wote husema wanaipenda jamii inayowazunguka, na wengi hutoa kitu kuuthibitisha upendo huo. Siwabezi. Ila wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kampuni inayokaa katika nchi ya watu miaka mitatu au kumi imepita mbali siku ile ya tatu. Haitoshi ituletee zawadi kama mgeni anayebisha hodi. Ishike jembe: itoe ujuzi wake na saa za kazi za watu wake, kwa shughuli ambayo wenyeji wameichagua, na isiiache mpaka imekamilika.

Kabla ya jembe kuna deni. Misafara ya zamani ililipa hongo kwa watemi ili ipite na inywe maji, na hakuna kiongozi wa msafara aliyejisifu kwamba hongo ile ilikuwa sadaka. Ilikuwa haki ya mwenye nchi. Hongo halali ya siku hizi ni kodi ya serikali, ushuru wa huduma wa halmashauri, fidia ya shamba lililochukuliwa, na mshahara unaolipwa kwa wakati. Kampuni inayochelewesha fidia ya mkulima, kisha ikapeleka madawati katika shule ya mtoto wake huku kamera zikipiga picha, inamtunuku mtu shati lake mwenyewe. Vivyo hivyo kwa miti. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo hutoka katika misitu ya miombo ambayo ndiyo malisho ya nyuki wa Tabora. Mfanyabiashara wa tumbaku akipanda miti anarudisha alichokopa. Afanye hivyo, tena kwa bidii, lakini asiiandike kazi hiyo katika daftari la hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na miongozo ya mkataba huo inauhesabu ufadhili wa namna hii wa kampuni za tumbaku kuwa njia mojawapo ya kujitangaza. Hayo wanakijiji wanapaswa kuyajua wanapoletewa bango lenye jina la kampuni.

Sasa tuitazame zawadi yenyewe. Wilaya hii ya Uyui ina somo lake. Mwaka 2006 Mbola iliingizwa katika mpango wa Vijiji vya Milenia uliobuniwa na Profesa Jeffrey Sachs, na mpango ule ukafungwa mwaka 2015. Miongoni mwa makampuni yaliyochangia vijiji hivyo barani Afrika ilikuwamo Sumitomo Chemical ya Japani, iliyotoa vyandarua vyenye dawa ya kudumu. Zawadi ile iliokoa watoto na malaria, na anayeidharau hajawahi kuuguza. Hata hivyo chandarua huchakaa. Baada ya miaka michache kimetoboka, na kama mtoaji hayupo, mbu anarudi alipokuwa. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imefanya jambo jingine hapa nchini mwaka 2003: iliipa A to Z Textile Mills ya Arusha ujuzi wa kuitia dawa ndani ya uzi wenyewe, bila kudai malipo ya hati miliki. Vyandarua vikaanza kufumwa Arusha, na maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakapata ajira. Najua baadaye kampuni hizo mbili ziliingia ubia, na biashara ilikuwamo. Iwemo tu. Ninachokitazama ni kwamba chandarua kilichogawiwa kiliisha, lakini ujuzi uliotolewa uliendelea kuzaa vyandarua vingine.

Wapo watakaoniambia madawati na mabati nayo ni mahitaji ya kweli. Ni kweli kabisa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walifurika madarasani wakakaa chini, na nchi nzima ikahangaika kutafuta madawati; hata Bunge lilibana matumizi yake likatoa shilingi bilioni 6 kwa kazi hiyo. Benki ya NMB hutenga asilimia moja ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na sehemu kubwa imekwenda kwenye madawati, mabati na vitanda vya wagonjwa. Huo ni utaratibu mzuri, kwa kuwa kiwango kinajulikana na hakitegemei meneja ameamkaje. Lakini dawati lina bolti, na bolti hulegea. Likianza kuyumba, watoto hulisukuma nyuma ya darasa, na kufikia mwisho wa mwaka ubao wake umekuwa kuni za kupikia uji. Au tazama pampu ya mkono ya kisima. Mpira ulio ndani ya silinda ukilika, mama anapiga mpini mpaka mkono unakufa ganzi kabla maji hayajapanda. Mpira wenyewe hauna bei ya kutisha. Kinachokosekana ni mtu anayejua kuyavuta mabomba juu, kuubadilisha, na kuyashusha tena bila kuyaangusha kisimani. Fundi wa karakana ya kampuni yoyote yenye mitambo anaijua kazi hiyo au ataielewa kwa siku moja. Akikaa kijijini wiki moja na vijana wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, atakuwa ametoa msaada mkubwa kuliko kisima kipya chenye bamba la marumaru.

Mkandarasi wa reli ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote. Tuta halijengwi bila kifusi, na kifusi huacha shimo. Shimo lenye kingo wima likijaa mvua za masika ni mtego wa ng'ombe na watoto. Shimo hilohilo likikadiriwa na wapima ardhi, kingo zikachongwa kwa mteremko, sakafu ikashindiliwa kwa udongo wa mfinyanzi na upande mmoja ukawekewa njia ya mifugo, linaweza kuwa lambo, mahali pazuri pa kunyweshea katika nchi iliyoogopwa kwa ukame tangu enzi za wapagazi. Wahandisi wapo, mitambo ipo, mafuta tayari yamo ndani ya matangi. Zinatakiwa siku chache za kazi, na nia.

Wako watakaouliza: kampuni si serikali, imeshalipa kodi, kwa nini ibebeshwe mzigo mwingine? Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana nimetanguliza deni kabla ya hisani. Lakini kampuni haifanyi kazi hewani. Inatumia barabara ya kijiji, inalindwa na amani ya kijiji, na hapa Tabora amani hiyo haikutoka polisi peke yao. Sungusungu walioanzia pande za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikesha wakilinda vijiji bila mshahara. Anayefaidi kujitolea kwa wenzake naye ajitolee. Kwa upande wa madini sheria yetu imekwisha kusema: tangu marekebisho ya 2017 mwenye leseni ya mgodi anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Sioni kwa nini mnunuzi wa mazao au mkandarasi asubiri kulazimishwa ili afanye lile ambalo mchimba dhahabu anadaiwa kulifanya.

Wengine watasema siku moja ya usafi ni bora kuliko kukaa bure. Mhasibu akifagia uwanja wa zahanati kwa saa mbili akiwa na fulana mpya, si dhambi. Lakini zahanati haikosi wa kufagia. Inakosa mtu wa kukaa na mganga mfawidhi jioni tatu mfululizo, wapange leja ya dawa ili ionekane mapema ni dawa gani itakwisha kabla ya mzigo mwingine kufika. Kazi hiyo haipigiki picha nzuri, ndiyo sababu haifanywi. Tena saa hizo ziwe za mwajiri. Mfanyakazi anayeambiwa ajitolee Jumapili, na jina lake likaandikwa asipofika, hajajitolea. Amenyang'anywa mapumziko yake, na sifa zimekwenda kwa bosi.

Nanyi wenyeji wa Tura, msingoje kuulizwa. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mtu mzima wa pale, kuwa mamlaka ya juu kijijini. Kampuni ikileta barua kwa mtendaji, isijibiwe ofisini na watu watatu. Isomwe mkutanoni, na swali la kwanza lisiwe mtatupa nini, bali ni nani miongoni mwenu anajua kazi gani, na atakaa nasi siku ngapi. Majibu yaandikwe katika muhtasari, pamoja na jina la kijana atakayefundishwa, mahali spana zitakapohifadhiwa, na tarehe ambayo fundi atarudi kukagua kazi ya mwanafunzi wake.