GB 4 Hazitoshi, Tuambieni Kabla Hatujalipa

Sisi watu wa Turiani, mkoani Morogoro, tunaomba tusikilizwe. Tuko walimu, wenye steshenari pale Madizini, wakulima wa miwa tunaotunza hesabu za vyama vyetu, na wazazi ambao watoto wao wamemaliza kidato cha sita. Tumeuza mpunga, tumenunua laptop mpya yenye RAM ya GB 4, boksi tumelifungua wenyewe. Mwezi haujaisha, inaganda.

Njoo steshenari msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ujionee. Fomu iko wazi kwenye Chrome, pembeni kuna barua pepe, cheti cha kuzaliwa kimeshaskaniwa kinasubiri kupakiwa, na WhatsApp lazima iwe wazi kwa sababu ndiko mteja alikotuma picha yake ya pasipoti. Hapo hakuna cha anasa hata kimoja. Ukiangalia matumizi ya RAM, Windows 11 na vinavyojiwasha nayo vimeshakula zaidi ya nusu ya zile GB 4, na kila ukurasa wa Chrome unachota fungu lake. RAM ikijaa, mashine inahamishia mzigo kwenye hifadhi, na hifadhi ya laptop hizi za bei ya chini mara nyingi ni eMMC, ambayo ni nzito. Fomu inajifunga, unaanza upya, bando linaisha, na nje mabinti na vijana wamepanga foleni tangu asubuhi.

Tukilalamika tunajibiwa kwamba GB 4 ndicho kiwango cha chini cha Windows 11. Ni kweli, kimeandikwa. Lakini kuwaka ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine. Windows XP ya 2001 iliwaka kwa MB 64, ikishauriwa MB 128. Leo tuna mara 64 ya zile za kwanza, na kazi yetu haijabadilika: barua, matokeo ya darasa, hesabu za tani za miwa. Wanaounda programu wangezijaribu kwanza kwenye mashine kama zetu.

Kinachouma zaidi ni kwamba RAM yenyewe haiongezeki. Fundi anafungua kifuniko, anakuta RAM imechomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuchomeka nyingine. Dukani hatukuambiwa. Mwenye laptop ya mtumba yenye nafasi ya kuongeza ana nafuu kuliko aliyenunua mpya, ila naye amebanwa: tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei, viwanda vya chipu vinapeleka mzigo kwenye seva za akili unde, na Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na RAM za Crucial zinazouzwa kwa watu wa kawaida.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Basi Tume ya Ushindani iagize boksi liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: RAM ni kiasi gani, na inaongezeka au haiongezeki. Na anayeuza laptop kwa jina la mwanafunzi aanzie GB 8.