Doa Jeusi na Kisu cha Daktari

Twaendelea na masuala ya wasomaji wetu. Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi mtaa wa Jamhuri, Nairobi, ametuandikia kwamba ana doa jeusi la kung'aa kando ya pua, nalo linakua mwaka wa pili sasa. Daktari amelitazama, akataja melanoma, na anataka kukata kinyama kipimwe. Majirani wamemwonya kuwa saratani ikiguswa na kisu husambaa. Anauliza: je, sharia yamruhusu kukataa?

Tulianze la kisu, maana limeangamiza wengi. Kukata kinyama cha kupima hakuienezi saratani ya ngozi. Wako waliokatwa kisha wakazidiwa, ni kweli, lakini hao walichelewa, na kisu kiliikuta imekwisha safari yake.

Na hilo jina la melanoma bado ni dhana tu. Iko saratani nyingine, itokanayo na seli za chini kabisa za ngozi ya juu. Kwa Wazungu ni ya kawaida, na rangi yake huwa ya waridi au ya lulu. Kwa watu weusi ni nadra, lakini itokeapo mara nyingi hubeba ile rangi itupayo weusi wetu, ikafanana na melanoma hata bingwa akababaika. Hupenda uso, papigwapo na jua. Hula nyama ya pale ilipo, iwe pua au kope, lakini ni nadra mno kuhamia viungo vingine. Melanoma huhama: huingia tezi, mapafu, ini na ubongo.

Daktari ana lenzi ya mkononi yenye taa, nayo humsaidia kukisia. Yakini hupatikana kwa kinyama: ngozi hutiwa ganzi, kipande hukatwa, huhifadhiwa katika dawa, hupasuliwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo matibabu hujulikana. Ile saratani ya kwanza aghalabu huondolewa pamoja na milimita chache za ngozi nzima inayoizunguka. Melanoma hupimwa kina chake, na huweza kudai sentimita 1 au 2. Kwa aliye na doa kando ya pua, tofauti hiyo si ndogo.

Ama hukumu, wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kujitibu. Wengi hawakuifanya wajibu katika kila hali. Wako waliosema huwa wajibu ikiwa kuacha kwahofiwa kuangamiza nafsi na tiba yajulikana kufaa. Nasi twaegemea huko. Daktari wa kike ni bora apatikanapo. Asipopatikana, wa kiume anafaa, kwa kadiri ya haja, na mahramu awepo. Kidonda kikifungwa, kwa madhehebu yetu ya Shafii mama ataosha palipo pazima, atapaka maji juu ya bandeji, na atatayamamu.

Tuongeze neno kwa wapenda hina. Kwa watu weusi, melanoma yenyewe hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, pasipopigwa na jua. Mwimbaji Bob Marley aliipata kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akakataa kukatwa kidole, akafa Mei 1981 akiwa na miaka 36. Sasa, hina na piko hukaa papo hapo, na doa likajificha chini ya maua. Kabla ya kupaka tena, tazameni nyayo na baina ya vidole. Mistari myeusi katika kucha nyingi ni kawaida yetu. Mstari wa kucha moja unaopanuka, au weusi uliovuka hadi kwenye ngozi, upelekwe hospitali.

Mama yetu, kutoka Jamhuri hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta si mwendo mrefu. Unapoandikishwa, omba daktari wa kike. Kinyama kikikatwa, ulizia siku ya majibu, uyafuate mwenyewe, na nakala ya ripoti ubaki nayo nyumbani.