Nani Aliyetupa Namba 72?

Orodha ile imerudi tena mitandaoni: mataifa yamepangwa kwa "akili", na Tanzania imepewa 72. Wanaoisambaza si Wazungu wenye chuki. Ni vijana wetu, baadhi yao wana shahada, nao huisindikiza kwa kicheko na maneno yale yale: ndiyo maana hatuendelei. Hapa Gungu nimeisikia kwa mwalimu na kwa mtumishi wa umma, na sijakutana na hata mmoja aliyetaka kujua ni nani aliyepima, alimpima nani, na kwa kipimo gani.

Namba hizo zilipata umaarufu kupitia kitabu cha Richard Lynn na Tatu Vanhanen kilichotoka mwaka 2002. Kiliorodhesha nchi 185, lakini ni 81 tu zilizokuwa na vipimo vya aina yoyote. 104 zilizobaki zilikisiwa kwa kutazama majirani zake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea kazi ya namna hiyo, humrudishia kabla sijafika ukurasa wa pili. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizopimwa, ndiyo, lakini kwa mtihani wa michoro uliobuniwa Uingereza katika miaka ya 1930.

Na hata kipimo kingekuwa safi, IQ si kitu kilichomo kichwani kama maji yalivyo mtungini. Ni nafasi ya mtu katika foleni. Watu wengi hupewa mtihani, wastani wao huitwa 100, na alama hutawanywa ili takriban theluthi mbili ya watu waangukie kati ya 85 na 115. Kwa hiyo swali la kwanza ni foleni ya nani. Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha mwanzo huko Paris mwaka 1905, alitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, na alipinga wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika. Sisemi kwamba vipimo hivi ni ramli. Hubashiri maendeleo ya shuleni kwa kiasi cha kuridhisha, na humsaidia daktari wa mgonjwa aliyeumia ubongo. Ninachokataa ni kuvigeuza kuwa hukumu ya taifa.

Tazameni Embu, Kenya. Mwaka 1984 watafiti waliwapima watoto wa vijijini kwa mtihani wa michoro. Mwaka 1998 wakawapima wengine wa umri uleule, eneo lilelile. Wa pili waliwazidi wa kwanza kwa mbali. Damu ya watu haibadiliki katika miaka 14. Kilichobadilika, kwa maelezo ya watafiti wenyewe, ni wazazi kujua kusoma, familia kupungua ukubwa, na lishe ya watoto. Huku kwetu, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule Bagamoyo, wakawafundisha kwa muda mfupi tu namna ya kuyakabili maswali, wakawapima upya. Alama zikapanda. Sasa mwanangu wa Gungu, anayezungumza Kiha au Kibembe nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, kisha anatumbukizwa katika Kiingereza kidato cha kwanza, alama yake inapima nini hasa?

Wale wanaohusisha 72 na umaskini wetu wawasome Boissiere, Knight na Sabot, waliowachunguza wafanyakazi wa Nairobi na Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 1985. Uwezo wa kutatua michoro ulichangia kidogo sana katika mshahara. Kujua kusoma na kuhesabu, yaani kile kinachofundishwa shuleni, kulichangia sana.

Hapa ndipo siasa ilipo. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, H. L. Gordon, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile, na akatilia shaka busara ya kumpa elimu ya Kizungu. Mtu akishathibitishwa kuwa hafundishiki, hakuna anayedaiwa kumfundisha. Leo hatumhitaji Gordon. Tunalo neno letu, "kilaza". Mtoto akishaitwa kilaza husogezwa nyuma ya darasa, wala haulizwi tena kama amekula.

Ilhali sababu nyingine zinajulikana na zina bei. Mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto tumboni hudhurika, na kinga yake ni chumvi iliyotiwa madini hayo. Sisi watu wa mkoa wa Kigoma, tuliorithi visima vya chumvi vya karne nyingi, tungepaswa kuwa wa mwisho kusahau jambo hilo.

Basi katika kikao kijacho cha kata, watumishi na wanafunzi mliopo, ulizeni: darasa la kwanza lina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Wangapi wanapata uji shuleni? Chumvi inayouzwa kwenye magenge yetu ilipimwa madini joto lini? Anayetaka kuisambaza tena ile 72 na aambatanishe majibu.