Mpe Mzee Kazi

KUTOKA VOI, na Mkamburi Mwakio

Mtu akipata kiharusi, akalazwa Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi kisha akaruhusiwa, kazi ya kwanza ya familia huwa kumtafutia kiti. Mzee hukalishwa barazani tangu chai ya asubuhi hadi magharibi. Maji analetewa, redio anawashiwa. Akijaribu kuinuka, nyumba nzima inamkemea: "Baba, tulia, utaanguka!" Mama naye hupokonywa mwiko, kisha tunashangaa amenuna.

Nasema kwa heshima: mapenzi ya namna hii yanamrudisha mgonjwa nyuma. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia, na mkono usiotumiwa huzidi kulegea. Kushinda kitini hakusaidii kushusha presha pia, na presha ni chanzo kikubwa cha kiharusi cha pili.

Mtasema anaenda kliniki ya mazoezi ya viungo. Sawa, nauli ikipatikana; watu wa Kasigau na Wundanyi wanajua ninachosema. Lakini saa moja ya mtaalamu itashindaje wiki nzima ya kukaa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawahusu hata wanaoishi na ulemavu, na unasema mazoezi machache ni bora kuliko kukosa kabisa: uanze kidogo, uongeze polepole.

Basi mpe kazi, tena kazi ambayo isipofanywa nyumba itaona. Apukuchue mahindi ya kuku, mkono mzima ukishika hindi na ule dhaifu ukisukuma punje, hata kama hindi moja litamchukua nusu saa. Aende bombani kwa miguu yake, mjukuu akitembea upande uliopooza. Kule milimani Dawida, ambako kila njia ni mteremko, kipande cha ua kilicho tambarare kinatosha. Avae viatu vinavyoshika mguu, slipa ziwekwe kando. Kwanza mtaalamu aseme anachoweza. Akishikwa na kizunguzungu au kifua kikibana, aache mara moja na apelekwe hospitali.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii, ikawapa mikoba yenye mashine ya kupima presha. Wanapita nyumba kwa nyumba. Idara ya afya ya Taita Taveta iwafunze swali moja zaidi, la kuulizwa mashine ikishafungwa: leo mgonjwa amefanya kazi gani? Na jibu liandikwe, kama presha inavyoandikwa.