Boya Moja ni Bora Kuliko Nanga Mia

Kila mwaka katika jarida hili letu huandikwa mengi juu ya nidhamu, dawa za kulevya na umuhimu wa elimu. Hayo ni mambo mazuri na sina ugomvi nayo. Lakini mwaka huu nimeonelea nishike kalamu nizungumzie kitu ambacho sisi wa Pwani tunakiona tangu utotoni na hatukijali hata chembe. Kitu chenyewe ni boya.

Simaanishi lile la kujiokolea mtu anapozama. Namaanisha lile lielealo mbali na ufuo, lililofungwa kwa kamba au mnyororo hadi chini ya bahari, ambalo nahodha hufungia chombo chake badala ya kutupa nanga. Maoni yangu ni haya: kila mahali katika pwani yetu ambapo vyombo husimama juu ya matumbawe, patiwe maboya, na nanga zipigwe marufuku hapo. Najua wapo watakaosema, "Ati boya? Hilo nalo ni jambo la kuandikia insha?" Naomba subira. Subira huvuta heri.

Kwa manufaa ya wenzangu wa bara, nieleze kwanza hali ilivyo. Sehemu nyingi za pwani yetu hazina gati kama lile la Kilindini. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Ukiiacha mashua ufuoni asubuhi maji yamejaa, adhuhuri utaikuta imelala ubavu mchangani kama ng'ombe mgonjwa. Ndiyo maana vyombo husimamishwa mbali kidogo, penye kina, na watu huvifikia kwa mtumbwi au kwa kutembea majini nguo zimepandishwa magotini. Basi chombo kikisimama huko nje ni lazima kishikwe na kitu. Kitu hicho kwa kawaida ni nanga.

Nanga yenyewe si adui. Ikitupwa mchangani au kwenye matope, hushika na hakuna aliyeumia. Wazee wetu walijua sana kuchagua mchanga. Matata huanza inapotupwa juu ya matumbawe, hasa siku hizi ambapo vyombo vya kupeleka wageni kutazama samaki husimama papo hapo penye matumbawe mazuri zaidi. Si ndiko samaki waliko?

Mwalimu wetu wa Bayolojia ametufundisha kwamba matumbawe si mawe matupu. Yamejengwa na wanyama wadogo sana waishio pamoja kwa maelfu. Yale ya matawi hukua upesi kidogo, lakini yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Hebu piga hesabu. Tumbawe lenye kimo cha sentimita 150, yaani kimo cha mwanafunzi mdogo wa sekondari, lina umri wa miaka 150 hivi. Lilikuwa hai kabla ya reli ya Mombasa kuanza kujengwa mwaka 1896! Nanga ya chuma hulivunja kwa dakika moja, na nahodha huko juu hana habari, anagawa maji ya kunywa.

Isitoshe, ubaya wa nanga hauishii pale inapoangukia. Chombo hakitulii. Upepo ukigeuka nacho hugeuka, maji yakipwa nacho hufuata mkondo. Mnyororo uliolala chini hufagia kila kilicho mbele yake. Tuseme mita 10 za mnyororo zimelala chini, na chombo kimezunguka duara zima. Kwa hesabu tunayoijua sote, eneo la duara hilo ni mita za mraba 314. Hayo ni kama madarasa matano yaliyofagiwa na chuma, na hiyo ni nanga moja, siku moja.

Mimi mwenyewe nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Likizo iliyopita nilizamia na binamu zangu mahali fulani ambapo mashua hupenda kusimama. Kwa miwani ya kuzamia tuliona mfereji mweupe uliopita katikati ya matumbawe kama barabara. Kando yake samaki walikuwa wamejaa, tasi, changu na pono. Ndani ya mfereji ule hapakuwa na kitu ila vipande vilivyovunjika vikigongana maji yakivisukuma.

Utaniuliza, je, matumbawe hayafi kwa sababu nyingine? Yanakufa, tena sana. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Mwaka 2016 yaligeuka meupe tena. Wapo wasemao kwamba kwa sababu hiyo hakuna haja ya kuhangaika na nanga. Mimi nasema kinyume chake. Joto la bahari yote hatuwezi kulizima sisi wanafunzi, wala wavuvi, wala gavana wa kaunti. Nanga tunaweza kuizuia. Mgonjwa anayepambana na homa kali, ni busara gani kumpiga rungu pia?

Wala hili si jambo geni. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na baadaye tukapata ile ya Kisite karibu na Shimoni. Ndani ya hifadhi hizo boya si kitu cha ajabu. Kule Florida, Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye John Halas alianza mapema katika miaka ya 1980 kutoboa mwamba mtupu chini ya bahari, akatia chuma kisichoshika kutu na kukikaza kwa saruji, kisha akafunga kamba ya boya hapo. Njia yake imeigwa katika nchi nyingi. Swali langu ni hili: kwa nini sehemu nyingi zilizo nje ya hifadhi ziachwe kama mtoto asiye na wazazi?

Lakini nisiseme kama kwamba kutia boya ni mchezo. Boya baya ni hatari kuliko kukosa boya, kwa maana nahodha hulala akidhani chombo chake ki salama, kumbe usiku kimechukuliwa na kusi hadi mwambani. Wengine hudhani jiwe lolote la saruji litatosha. Kanuni ya Archimedes hailali! Jiwe la saruji la kilo 1000 likitumbukizwa baharini huwa kama la kilo 570 tu, kwa kuwa maji hulinyanyua. Kamba nayo ina hesabu yake. Ikiwa fupi, maji ya bamvua yakijaa boya litazama au omo ya mashua itavutwa chini. Ikiwa ndefu, maji yakipwa itajilaza juu ya matumbawe na kuyasugua, nasi tutakuwa tumerudi palepale. Dawa yake ni kufunga kielezi kidogo katikati ya kamba ili kiinyanyue. Zaidi ya hayo, kutu hula vyuma na chaza wadogo hukata kamba, kwa hivyo ni lazima mtu azamie na kukagua, hasa kabla ya kusi kuanza kuvuma.

Sasa nifike kwenye pingamizi kubwa, na hili sikulipata vitabuni. Ami yangu ni mvuvi. Nilipomweleza maneno haya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hilo boya litakuwa la nani?" Nikamjibu, "La wote, ami." Akacheka. "La wote ni la mwenye injini kubwa," akasema. "Wao watafika mapema wafunge vyombo vyao. Mimi nikija na dau langu nitaambiwa ondoka. Baada ya mwaka ataletwa mlinzi. Baada ya miaka miwili nitaambiwa hata kuvua hapa siruhusiwi."

Wenzangu, maneno haya yasichekwe. Ami hapingi kuhifadhi matumbawe. Yeye ndiye anayekula kwayo. Anachoogopa ni kwamba kitu kizuri kitatumiwa kumtoa baharini. Kwa hivyo mimi nasema boya lisitiwe popote mpaka mambo matatu yatimizwe.

Kwanza, mahali pa kutia maboya pachaguliwe na wavuvi wenyewe kupitia kamati zao za ufuo, hizi ziitwazo BMU, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 2007. Wao ndio wajuao mkondo, mchanga uko wapi na mwamba uko wapi.

Pili, yawepo maboya ya vyombo vikubwa na maboya ya madau, yenye rangi tofauti. Chombo cha wageni kikionekana kwenye boya la dau kitozwe faini. Tena iandikwe wazi kwamba kutia boya si kufunga eneo la kuvulia.

Tatu, wanaofaidika zaidi walipe zaidi. Mwenye kuchukua wageni atoe ada kidogo kila safari, na fedha hizo wapewe vijana wa hapohapo wa kuzamia na kukagua. Serikali ya kaunti nayo isijitie hamnazo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya vivuko na bandari, ila zile za meli za kitaifa na kimataifa. Mahali pa kufunga mashua na madau si kazi ya Nairobi basi.

Kuna wanaosema maboya yataibiwa. Ni kweli, kamba nzuri ya boya ni kamba nzuri ya mbuzi pia. Lakini mtu haibi chake. Boya lililoletwa na wageni usiku na mchana likatangazwa redioni, litaibiwa. Boya ambalo wavuvi wamelichagulia mahali, vijana wao wakalizamia na kulipwa kwalo, litalindwa. Wengine husema maboya yataleta vyombo vingi zaidi. La hasha! Mahali penye maboya sita hufungwa vyombo sita. Cha saba kitangoje zamu. Nanga ndiyo isiyo na hesabu.

Na sisi wanafunzi tufanye nini? Tunapokwenda matembezi ya baharini, sisi ni abiria na tumelipa. Kabla ya kupanda tumuulize nahodha kwa heshima, "Baba, tutafunga wapi?" Akisema nanga, tumwombe aitupe mchangani. Swali dogo kama hilo likiulizwa na shule kumi, manahodha watazoea kulijibu, na wakizoea kulijibu watayataka maboya wenyewe.

Walimu wetu na wazazi wetu, hili ni jambo tunaloliweza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa matumbawe hatuna fundi wa kuujenga. Wavuvi, manahodha, kaunti na wanafunzi, tukae kikao kimoja, kwani jifya moja haliinjiki chungu.