Zulia la Sufu na Mashine Yake

Kibarazani, na Salim Mwinyi

Katika vyombo vilivyoingia kwa haraka katika majumba ya ghorofa ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington, hapa Nairobi, sijui kama kipo kisifiwacho kupita kadiri yake kuliko ile mashine ndogo ya kuoshea mazulia, yenye matangi mawili, moja la maji safi yaliyotiwa sabuni na jingine la maji machafu, ambayo kwa kusukumwa na kuvutwa hunyunyiza, husugua na kufyonza kwa mkupuo mmoja. Mimi si hasimu wa mashine hiyo. Walakini nina neno na wale waipitishao juu ya zulia la sufu kama waipitishavyo juu ya zulia la nailoni, kisha wakastaajabu kuona sebule yao imenuka kondoo aliyenyeshewa.

Kwanza pawepo ithibati kwamba lililopo ni sufu. Aghalabu yale mazulia yenye manyoya marefu yauzwayo madukani katikati ya mji kwa jina hilo si sufu asilani, bali ni nyuzi za plastiki, na mwenye shaka na achomoe uzi mmoja auchome: ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu livunjikalo vidoleni, hiyo ni sufu, ukiyeyuka na kuganda kidonge kigumu, siyo, na mwenyewe na alioshe atakavyo, hana kubwa la kuhofu. Sufu ya kweli ipo, ijapokuwa ni chache. Yako mabusati yafumwayo na akina mama wa Nanyuki kwa sufu ya kondoo wa nyanda za juu, na yako yale ya Kiajemi, ambayo baadhi yake yalishuka Bandari ya Kale ya Mombasa zamani za majahazi, manahodha wa Ghuba walipokuwa wakija na kaskazi wamepakia tende, masanduku na mazulia, wakarejea na kusi wamepakia boriti.

Sasa sufu ni nywele, na kila unywele umefunikwa magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho, ambayo yakikutana na maji ya moto na msuguo wa nguvu hushikana yasiachane tena, zulia likajikunja na kuwa gumu. Kadhalika haipatani na magadi. Sabuni nyingi za unga tufuliazo nguo za pamba zina magadi ndani yake, jamaa ya yale yachimbwayo Ziwa Magadi, kusini-magharibi ya mji huu, na kampuni iliyoundwa mwaka 1911. Pamba huzistahimili, lakini sufu hukauka, hupoteza mng'ao na kudhoofika. Ama ile dawa ya klorini itiwayo nguo nyeupe, hiyo huiyeyusha sufu kabisa. Fauka ya hayo, kwa kuwa maji ya mfereji hayaji kila siku, maghorofa mengi ya magharibi ya mji hutegemea maji ya visima virefu, ambayo mara nyingi yana tabia hiyo hiyo ya magadi. Ndiyo sababu inafaa kutumia sabuni ya maji iliyotengenezwa makusudi kwa sufu, na katika maji ya kusuuzia kuongeza siki nyeupe kidogo, kidogo tu, ili kuirudisha sufu katika hali yake.

Lakini kabla ya maji kuna vumbi, na hapa ndipo wenye mashine wengi wanapotia taksiri. Udongo wa Kangemi, Kawangware na Dagoretti ni mwekundu, laini, wenye kutu ya chuma ndani yake, tofauti na ule mweusi wa upande wa Embakasi. Ukiingia kwa viatu hukaa kwenye shina la nyuzi, na ukimwagiwa maji kabla ya kutolewa huwa tope ambalo hapana mashine ya nyumbani iwezayo kulivuta lote. Mama fua, ambaye tumezoea kumlaumu kwa brashi yake ngumu na unga wake wa sabuni, na lawama hiyo ni ya haki zulia likiwa la sufu, hulianika zulia ukutani na kulikung'uta kwa fimbo mpaka vumbi likome, naye kwa hilo ana maarifa kumpita bwana mwenye mashine mpya. Hata Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyebuni mashine ya kufyonza vumbi mwaka 1901, alipoitwa kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya Mfalme Edward wa Saba kutawazwa mwaka 1902, hakuyatia maji, aliyafyonza makavu. Na atakaye kinga iliyo bora kuliko dawa zote na apite Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, atazame viatu vilivyopangwa mlangoni. Sisi wa pwani hatukuhitaji kufundishwa hilo. Wenzetu wa bara huingia na viatu vyao hadi kwenye kochi, na ukiwaambia wakaona unawadharau.

Vumbi likisha kutoka, mashine na ije. Maji yawe ya vuguvugu. Rangi ijaribiwe pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kwani rangi nyekundu za kale huchuruzika. Kisha zulia lipitishiwe maji mara moja, na ufyonzaji mtupu, kitufe cha maji kikiwa kimeachwa, urudiwe mara nyingi mpaka tangi la maji machafu lisiongezeke. Sufu huweza kunywa karibu thuluthi ya uzito wake ikakuhadaa mkononi kuwa kavu, na maji hayo hukaa chini, kwenye mgongo wa jute au pamba, yakaleta kuvu, uvundo na madoa ya rangi ya chai ambayo hayakuwapo kabla hujaosha. Kwa hiyo thamani ya mashine hupimwa kwa maji iyatoayo, wala si kwa povu ilifanyalo, na iliyo dhaifu katika kufyonza, hata ikiwa ya bei gani, ni udhia mtupu kwa sufu.

Kisha yako majira. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulifunika jua siku nyingi tangu asubuhi. Aoshaye zulia la sufu mwezi wa Julai, akaliacha sakafuni madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, ameliozesha kwa gharama yake mwenyewe. Januari na Februari ndiyo miezi yake, zulia likiinuliwa hewa ipite chini, kivulini, si kwenye jua kali.

Basi wewe uliye na zulia moja la sufu, Westlands au Kangemi, usinunue mashine: ikodi, au nunueni moja jengo zima, maana zulia likung'utwalo na kufyonzwa vumbi kila juma halihitaji kuoshwa kila mwaka. Na ukimwita mwenye kutembeza mashine majumbani, muulize kwanza ataanza na nini. Akisema maji, au ukimwona ameshika pakiti ya sabuni ya unga, mpe chai, umshukuru kwa kufika, umrudishe alikotoka.